Kuutafuta Mwaka wa Babu

Jumanne

Mama hana simile. Kaburi la babu limejengewa upya, vigae vimekwisha kuwekwa, na fundi wa kuchonga jiwe anasubiri kitu kimoja tu: mwaka wa kuzaliwa. Wa kufa tunao, 1997. Wa kuzaliwa kila mtu ana wake. Shangazi anashikilia kwamba babu alizaliwa mwaka wa njaa, lakini ukimuuliza njaa ipi anakukasirikia, maana huko kwetu njaa zina majina kama watoto. Shahada yake ya kupigia kura ilisema 1925, ila karani aliyekuwa akiandikisha siku ile aliwapa wazee wote wa kijiji 1925, wakubwa kwa wadogo, akaenda zake kula.

"Nenda parokiani, kule Kondoa," mama akasema. "Wale mapadre waliandika kila kitu."

Ndiyo maana leo nimo kwenye treni. Hii ya umeme, ya SGR, ilizinduliwa rasmi kwa safari za Dodoma tarehe 1 Agosti 2024, na kutoka Dar es Salaam inatumia chini ya saa nne. Nilikuwa nimepanga kuangalia mandhari. Nikalala kabla ya Kilosa, nikazinduka milima imekwisha na mibuyu imeanza.

Stesheni mpya iko nje ya mji. Bodaboda akanipitisha karibu na ile ya zamani, ya reli ya Wajerumani. Ujenzi wa reli hiyo ulianza Dar es Salaam 1905, ukafika hapa 1910. Kabla yake, Ugogo ilikuwa nchi ambayo misafara iliivuka kwa kuhesabu visima na kulipa hongo kwa watemi. Wamisionari wengi wa mwanzo waliiona hivyo hivyo, kama mahali pa kupita. Usiku kuna baridi na upepo wa Agosti. Nimekula ugali wa uwele na mlenda, nikakumbuka kwamba Dar es Salaam huwa nakula ugali kwa mazoea tu.

Jumatano

Asubuhi nilisali Misa ya kwanza Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo wa Msalaba. Jina hilo peke yake ni historia. Paulo wa Msalaba, Mwitalia aliyezaliwa 1694, ndiye mwanzilishi wa Shirika la Mateso, ambao sisi tunawaita Wapasionisti. Hakuna aliyeleta jina hilo Dodoma isipokuwa watoto wake mwenyewe. Walikabidhiwa eneo hili kama Prefektura ya Kitume, yaani eneo la misheni ambalo bado si jimbo, tarehe 28 Januari 1935, likawa jimbo 1953, na mwaka 2014 likapanda kuwa Jimbo Kuu, na Singida na Kondoa chini yake. Baba Askofu Mathias Isuja aliliongoza tangu 1972 hadi 2005. Miaka thelathini na mitatu! Katika familia za rika langu si ajabu kukuta watoto wote wamewekewa mikono ya kipaimara na askofu mmoja.

Wakatoliki huku hawakuwa wa kwanza, na si vibaya kulisema. Waanglikana wa CMS, shirika la wamisionari wa Kiingereza, walikuwa Mpwapwa tangu miaka ya 1870. Ukizunguka vijiji vya Ugogo, mara nyingi kengele ya zamani utakayoisikia ni yao.

Mchana nikaenda Bihawana, barabara ya Iringa, si mbali na mji. Sikuwa na kazi huko, nilitaka tu kuona mizabibu. Zabibu za Dodoma, hizi wanazouziwa abiria kwenye ndoo barabarani, zina asili ya altareni. Wamisionari wa Kiitalia walipanda mizabibu Bihawana katikati ya karne iliyopita ili wapate divai ya Misa, maana Misa haiadhimishwi kwa juisi wala kwa pombe ya uwele, sharti divai ya zabibu. Kumbe udongo huu mkavu tunaousikitikia ndio mzabibu unaoupenda, na ukitunzwa unavuna mara mbili kwa mwaka. Leo wakulima wanasomesha watoto kwa zao lililoletwa kujaza kikombe kimoja cha padre. Mzee mmoja aliyekuwa akipogoa matawi alinipa kishada, nikamuuliza bei, akacheka. "Hizi za kuonja. Za kuuza ziko kule." Akanielekeza kwa mkewe, ambaye hakuwa na utani wowote kwenye bei.

Alhamisi

Stendi kuu, pale Nanenane, saa moja asubuhi. Basi la Kondoa liliondoka saa mbili na nusu, baada ya kondakta kuapa mara nne kwamba tunaondoka sasa hivi.

Njia nzima ni lami. Wakati wa utoto wangu safari hii ilikuwa adhabu. Masika basi lilikuwa likilala porini, abiria wanakata matawi ya kutia chini ya matairi. Leo tulipita Makutupora, Mayamaya, tukafika Chemba hata sijamaliza karanga zangu. Chemba akashuka kijana aliyekuwa akiongea na simu kwa Kisandawe, lugha ile ya kubofya ulimi kinywani, na basi zima lilikuwa limenyamaza kumsikiliza bila aibu. Kwao ni Farkwa, aliniambia, na huko nako kuna parokia. "Sala tunasali kwa Kiswahili," akasema, "lakini tukimlilia marehemu ni Kisandawe."

Baba mdogo alinipokea Kondoa mjini. Nikamwamkia, "Shikamoo, baba mdogo."

Akanijibu kwa sauti ya kusikika stendi nzima: "Tumsifu Yesu Kristo!"

"Waalaikum salaam," nikasema.

Tumesalimiana hivi tangu nikiwa na miaka kumi. Baba mdogo ni Mwislamu, mtoto wa ndugu yake babu. Ukoo wetu uko hivyo, nusu msikitini nusu kanisani, na sehemu kubwa ya Irangi, nchi yetu Warangi, iko hivyo hivyo, Waislamu wakiwa ndio wengi. Kondoa ulikuwa mji wa misafara ya pwani kabla Mjerumani hajaweka boma, na dini iliyokuja na misafara ndiyo iliyokaa kwanza. Mapadre wa Roho Mtakatifu, wale wa Bagamoyo, walifika Irangi kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia na kukuta azana inasikika. Wakapanda milimani.

Tangu 12 Machi 2011 Kondoa ni jimbo, askofu wake wa kwanza akiwa Bernardin Mfumbusa. Ni jimbo la watu wachache katikati ya majirani wengi. Baba mdogo alihudhuria sherehe zile. Nilipomuuliza alifuata nini, akanishangaa: "Wageni wanakuja kwenu, wewe utakaa ndani?"

Ijumaa

Leo ndiyo siku yenyewe. Jina la parokia silitaji, nimemwahidi paroko. Daftari lile lina majina ya watu na siri zao ndogo ndogo: nani alizaliwa nje ya ndoa, nani alirudi kundini, nani alifunga ndoa ya pili. Wajukuu wao wako hai na wana simu.

Ni huko milimani, mashariki ya barabara kuu, upande wa Haubi. Tulienda kwa pikipiki ya baba mdogo, mimi nyuma na begi mgongoni, vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Makorongo ya huku yananitisha hadi leo. Ardhi imepasuka, mengine marefu ya kumeza nyumba. Serikali ilianzisha mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, mwaka 1973, na 1979 ikaamuru mifugo yote iondolewe kwenye eneo lililoharibika zaidi. Baba mdogo alikuwa kijana. Anakumbuka ng'ombe wakiswagwa kuteremka mlimani na wanawake wakilia kama msibani. Miti na nyasi vimerudi, hilo halina ubishi, ukilinganisha na picha za zamani utadhani ni nchi nyingine. Lakini yeye hajasamehe. "Nyasi zimerudi. Maziwa je?"

Kanisa ni la mawe, bati jekundu lililopauka, mnara mfupi wa kengele. Baba mdogo aliegemea pikipiki akaanza kunionyesha ukuta kama mtu anayeonyesha shamba lake. Wakati linajengwa, watoto wote wa kijiji walibeba mchanga kutoka korongoni, wa madrasa na wa katekisimu, na mwisho wa siku kila mmoja alipewa sahani ya makande. "Ule ukuta wa kusini ni mchanga wetu," akasema. "Ndiyo maana haujapata ufa." Ufa upo, nimeuona. Sikumwambia. Halafu akawahi swala ya Ijumaa, akaniacha.

Paroko ni kijana kuliko mimi. Alisoma barua ya mama, akasoma tena, akafungua kabati la chuma na kunitolea daftari tatu. Masharti: nisipige picha, nisilambe kidole kufunua ukurasa, na chai ninywe nje.

Sikuwa nimejiandaa kwa uzuri wa kile kitu. Kurasa pana zenye mistari, kila mtu na namba yake: tarehe, jina, wazazi, msimamizi, padre aliyebatiza. Yote kwa Kilatini. Pembeni kumeachwa nafasi, na humo maisha yanaendelea kuandikwa kwa kalamu nyingine miaka mingi baadaye: kipaimara, ndoa na mahali ilipofungwa, upadrisho wa mmoja, nadhiri za sista mmoja. Ukitaka kuoa Mwanza leo hii, cheti chako cha ubatizo kitatafutwa hapa, na ukishaoa taarifa itarudi kuandikwa pembeni mwa jina lako. Sijui ofisi nyingine nchini inayomfuatilia mtu hivi kutoka utotoni hadi uzeeni bila kumtoza.

Mwandiko wa kwanza ni wa kulalia kulia, mwembamba. Mwaka 1916 kurasa zinakonda. Aprili ile majeshi ya Afrika Kusini chini ya van Deventer yaliiteka Kondoa kwa niaba ya Waingereza, na mwezi wa Mei Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akaja kujaribu kuirudisha, akashindwa. Kila jeshi lilikula nchi: nafaka, ng'ombe, na wanaume wa kubeba mizigo. Ukame ulipofuata hapakuwa na akiba. Wagogo waliiita njaa ile Mtunya, na watu wengi mno walikufa Ugogo kati ya 1918 na 1920, wengine kwa njaa, wengine kwa homa ya mafua iliyozunguka dunia.

Katika daftari njaa haiandikwi. Kinachoonekana ni maneno mawili, *periculo mortis*, hatari ya kifo, yanarudi tena na tena kwenye ubatizo wa watoto. Na penye jina la padre aliyebatiza hakuna jina la padre, kuna la katekista. Kanisa linamruhusu mtu yeyote kubatiza mtu anapokuwa anakufa, kinachotakiwa ni maji, maneno, na nia. Nilianza kuhesabu nikaacha.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1930 mwandiko unakuwa wa duara, wino mweusi, padre amebanana na mistari kama aliyeonywa kwamba karatasi ni ghali. Waitalia wamefika. Nikafunua polepole.

Nikamkuta babu saa nane kasoro, namba yake na kila kitu. Jumamosi Kuu, 16 Aprili 1938. Jina la ubatizo ndilo lile tulilolijua, ila limeandikwa kwa Kilatini kiasi kwamba nililipita mara ya kwanza. Baba yake, mama yake: majina ambayo nyumbani hakuna aliyeyataja tangu nizaliwe. Nikayanakili kwenye kiganja kwanza, kisha kwenye karatasi, nisije nikayapoteza. Na umri: *annorum circiter 18*.

"Circiter ndiyo nini, Padre?"

Akainama akasoma. "Yapata. Miaka yapata kumi na minane."

Nimesafiri kutoka Dar es Salaam kuja kuambiwa yapata. Tukacheka wote wawili, na yeye akaenda kuniletea chai, nikanywea nje.

Nilipoketi tena ndipo nikaliona jambo ambalo ningelipita. Siku ile walibatizwa watu 37, wengi vijana kama babu. Safu ya msimamizi, kwa wanaume wote, ina jina moja. Nikarudi nyuma mwaka 1937, jina lile lile. Nikaenda mbele, 1939, 1941, lile lile. Na nikarudi kwenye daftari la njaa, pale penye hatari ya kifo: jina lile lile, likiwa la kijana.

"Huyo ni Mwalimu," paroko akasema. Makatekista huku waliitwa hivyo, Mwalimu, kabla shule hazijawa nyingi. "Binti yake yuko hai. Kesho nitakupeleka."

Jumamosi

Bibi ana miaka ya kutosha, yapata tisini (nimejifunza). Anakaa kwa mjukuu wake kando ya barabara kuu, njia ya Kolo. Alikuwa anapepeta mtama. Nikapiga goti, nikamwamkia, nikamtajia babu. Akanitazama usoni muda mrefu, akasema: "Masikio ni yake."

Baba yake, alisimulia, hakujenga kanisa lolote la mawe. Alikuwa na vigango vinne, vituo vidogo vya sala chini ya parokia, kila Jumapili kimoja, kwa miguu. Kanzu mbili, kofia, kitabu, na kengele ya mkononi aliyoifunga ulimi kwa kitambaa isilie njiani. Malipo yalikuwa shilingi chache na chumvi, na wakati mwingine vyote viwili vilisahaulika. Wakatekumeni wake walisoma miaka miwili au zaidi kabla ya kubatizwa, wengi hawajui kusoma herufi, kwa hiyo aliwafundisha kwa kuimba maswali na majibu, upande huu unauliza, upande ule unajibu, hata watoto wa Kiislamu wakichunga mbuzi karibu wakayashika yote. Bibi akaimba mawili matatu. Mjukuu wake wa kiume, aliyekuwa akirekebisha spoku za baiskeli, akajibu bila kuinua kichwa.

"Wakati wa vita ya Hitla," akaendelea, "padre hakuonekana." Juni 1940 Italia iliingia vitani upande wa Ujerumani, na hapa Tanganyika mtawala ni Mwingereza, basi mapadre Waitalia wakajikuta ni watu wa nchi adui. Bibi hayo hayajui wala hayamhusu. Anachokumbuka ni kwamba Mwalimu alisalisha yeye mwenyewe chini ya mkuyu, hakuna Komunyo, hakuna kitubio, alizika wafu na kuwasimamia wachumba waape mbele ya mashahidi hadi padre atakapokuja kubariki. Padre alipokuja, alikuta kila kitu kimeandikwa kwenye vipande vya karatasi, vimeviringishwa ndani ya kibuyu. Akavinakili kwenye daftari lake kwa Kilatini.

Hapo nikaelewa kwa nini hata 1941, padre hayupo, daftari lina wino wake mweusi.

Nikamuuliza kwa nini Mwalimu alikuwa msimamizi wa kila mtu. Alinijibu kama anayemweleza mtoto: msimamizi sharti awe Mkristo, na hao vijana baba zao hawakuwa Wakristo, mama zao hawakuwa, wajomba ndio kabisa. Nani mwingine angewasimamia? Kila Krismasi wote walikuja kwake na kuku, maana ndiye baba yao wa ubatizo, na kila aliyegombana na mkewe alikuja pia, bila kuku.

Miaka ya ukame Mwalimu aliongoza maandamano ya kuomba mvua, na wazee wa mila nao wakapanda Mongomi wa Kolo, kwenye yale mapango yenye michoro iliyoingizwa Urithi wa Dunia 2006, ambako matambiko hayajakoma hadi leo. "Mvua ikinyesha?" nikamuuliza. "Kila upande ulisema ni yake," akasema bibi. "Sisi tukapanda uwele."

Kaburi la Mwalimu liko nyuma ya kanisa, upande wa korongo. Nililiendea jioni. Limebaki mawe manne ya pembeni, halina jina.

Jumapili

Misa ya pili. Mahubiri dakika kumi na tano, matangazo thelathini. Ngoma zilipigwa na akina mama, na wakati wa matoleo walicheza kutoka mlangoni hadi altareni na vikapu vya mbaazi na alizeti vichwani. Baada ya Misa kukawa na mnada wa matoleo. Baba mdogo, ambaye alikuja "kunichukua tu", alisimama mlangoni na kushindana na mwenyekiti wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, kwa jogoo mmoja hadi shilingi elfu ishirini na nane. Akamshinda. Jogoo nikapewa mimi nimpelekee mama, na sasa yuko hapa miguuni pangu kwenye basi la Dodoma, amefungwa, ananitazama kwa lawama.

Paroko aliniandikia cheti kwa Kiswahili, na muhuri. Nimempigia mama nikamsomea.

"Kwa hiyo ni 1920."

"Yapata 1920, mama. Shangazi alikuwa na haki, ni ile njaa."

Kimya. Kisha akauliza majina ya wazazi wa babu, nikamtajia, akayarudia mara mbili, sauti imebadilika. Nikamwambia na habari za Mwalimu na mawe yake manne. Akasema fundi akimaliza la babu atatumwa na huko.

"Ila fundi anatoza kwa herufi," nikamkumbusha. "Mwaka peke yake ni rahisi."

Nilimsikia akihesabu kwa vidole.

"Yapata ni herufi sita," akasema. "Mwambie aandike."